Jibu kwa mama wa Wete: skani ya mifupa, sindano ya wiki 12 na mzee aliyehama kitanda

Swali: "Mume wangu ana miaka 68. Mwaka huu aligundulika na saratani ya tezi dume ambayo imeshafika kwenye nyonga na uti wa mgongo. Anachomwa sindano ya tumbo kila wiki 12, ameshachomwa mbili. Tangu hapo usiku hulowa jasho, hukasirika kwa jambo dogo, na amehama kitanda, analala ukumbini. Mwezi ujao anatakiwa Ocean Road, Dar es Salaam, kwa skani ya mifupa, naye anasema hendi, kwani wataona nini zaidi. Nina wajukuu wadogo ndani na nimesikia dawa ya skani ina mionzi. Nimsaidie vipi? Na je, amenichoka?"

Jibu:

Mama, nianze na la mwisho, maana naona ndilo lililokukalia moyoni. Kwa ulivyoeleza, haya yote yameanza baada ya sindano, na kila moja kati yake ni kazi inayojulikana ya sindano hiyo. Kabla ya kumsoma mzee kuwa amekuchoka, isome dawa kwanza.

Saratani ya tezi dume hukua kwa kutegemea homoni ya kiume, testosteroni. Sehemu kubwa ya homoni hiyo hutengenezwa kwenye korodani, kwa amri inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Sindano ya goserelini, ambayo kwa maelezo yako ndiyo anayochomwa, huisukuma tezi hiyo bila kuipumzisha mpaka inachoka na kunyamaza. Wiki moja au mbili za mwanzo homoni hupanda kwanza, ndiyo maana wengi hupewa vidonge vya bikalutamidi kwa kipindi hicho. Kisha hushuka, na ikifika wiki ya tatu au ya nne mwanamume anakuwa na kiwango kile kile cha mtu aliyetolewa korodani. Hilo ndilo lengo la tiba. Lakini homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa hamu ya unyumba, nguvu za misuli, uimara wa mifupa na sehemu ya utulivu wake.

Kumbuka ulipokoma hedhi: lile joto lililoanzia kifuani likapanda usoni, usingizi uliokatika saa 8 za usiku, hasira zisizo na mwenyewe. Alichonacho mzee ni kitu hicho hicho, ila kwako kilikuja taratibu na kwake kimekuja ndani ya mwezi mmoja, tena hana mwanamume mwenzake barazani wa kumwambia. Katika nyumba hiyo mwenye uzoefu wa jambo hili ni wewe. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Wanaume wengi huondoka hospitali wakijua tu kwamba sindano "inazuia ugonjwa". La jasho na la unyumba hawakuelezwa, au walielezwa haraka haraka mbele ya watoto wao wakaona haya kuuliza.

Sasa joto lenyewe. Linapopanda hudumu dakika chache, hufuatwa na jasho, kisha baridi. Vinavyolichochea zaidi ni vitu vya moto na vikali: kahawa ya tangawizi, chai ya viungo, pilipili kwenye mchuzi wa usiku. Simwambii aache kahawa ya barazani maisha yake yote, ila aisogeze iwe ya asubuhi, na chakula cha usiku kiwe kimepoa na kisiwe na pilipili. Jaribuni hivyo kwa siku 10 mkiandika idadi ya mara linapopanda usiku. Bila kuhesabu hamtajua kipi kimesaidia. Godoro la sponji hushika joto, kwa hiyo tandika mkeka wa ukili juu yake na shuka ya pamba, alale na msuli mwepesi badala ya fulana ya nailoni. Weka beseni dogo la maji na kitambaa upande wake, na nguo kavu ya kubadili, ili asilazimike kuwasha taa na kukuamsha. Huenda hilo la kukuamsha ndilo lililompeleka ukumbini. Muulize.

Ikiwa baada ya hapo bado hapati usingizi, kuna dawa. Daktari anaweza kumwandikia vidonge vya medroksiprojesteroni, kwa kawaida miligramu 20 kwa siku kwa muda wa wiki 10, kisha akaangalia tena, au venlafaksini, ambayo husaidia joto na pia kuinua moyo ulioshuka. Zote mbili ni za kuandikiwa baada ya kupimwa presha na kuulizwa kuhusu moyo na damu kuganda, wala si za kununua dukani kwa kuelekezwa na jirani.

Jambo moja la kuangalia: joto la homoni halifanyi kipimajoto kisome 38. Likisoma 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, hiyo ni homa. Apimwe malaria na mkojo siku hiyo hiyo, hasa kama ametoka safari ya Dar.

Kuhusu hasira na ukimya, tenganisha vitu viwili. Kukasirika, kulia kwa jambo dogo na kusahausahau ni vya dawa, na mara nyingi hupungua usingizi ukirudi. Lakini kama kwa wiki mbili mfululizo haoni raha ya chochote, haendi msikitini alipozoea kwenda, hataki kula, au anasema bora afe, huo ni ugonjwa wa sonona na unatibika. Mpeleke kwa daktari na ulitaje kwa jina lake. Usiseme tu "hajisikii".

La unyumba nitalisema wazi kwa sababu ndilo linalovunja nyumba kimya kimya. Hamu haipungui kidogo tu. Kwa wanaume wengi huondoka kabisa. Uume husimama kwa shida au hausimami, hupungua ukubwa, na korodani husinyaa. Matiti yanaweza kuvimba na kuuma. Mwanamume asiyeambiwa mapema huona ameacha kuwa mume, na njia rahisi ya kuikimbia aibu ni kuhama kitanda kabla hujamgusa. Kwa hiyo mguso wako asiusome kuwa ni madai. Mwambie waziwazi kwamba unataka arudi kulala pembeni yako na kwamba hudai kitu. Kumkanda miguu na kulala mmeshikana mikono bado ni ndoa. Kama ana mke mwengine, naye aelezwe haya haya, asije kila mmoja akadhani mzee anamaliza nguvu kwa mwenzake.

Saratani haiambukizi, kwa tendo la ndoa wala kwa chombo cha kulia. Tendo haliilishi saratani pia. Vidonge vya sildenafili vinaweza kusaidia kusimamisha kwa baadhi ya wanaume walio kwenye sindano hii, lakini havirudishi hamu, na ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti, kama zile zinazowekwa chini ya ulimi. Vumbi la Kongo, mkuyati na unga wowote wa "nguvu za kiume" viondoke ndani ya nyumba. Vilivyomo havijulikani, baadhi ya dawa za namna hiyo huchanganywa na sildenafili kisirisiri, na chochote kitakachopandisha testosteroni kinaipa saratani chakula ambacho mnalipa pesa kuiondolea.

Kombe, yale maji ya aya za Kurani, halina ubaya maadamu halijachukua nafasi ya sindano. Kuchuliwa mgongo ni jambo jengine kabisa. Mzee ana saratani kwenye uti wa mgongo, na mfupa wenye saratani unaweza kuvunjika kwa kugandamizwa. Asichuliwe mgongo, asikanyagwe, asinyooshwe. Kukandwa mikono na miguu kwa upole ni sawa.

Tuje kwenye skani. "Wataona nini zaidi" ni kauli ya mtu mwenye hofu, na hofu hupungua mtu akijua atakachokutana nacho. Kwa hiyo msomee hatua hizi.

Hafungi. Anakula na kunywa dawa zake kama kawaida. Akifika atachomwa mshipani, mkononi, dawa yenye teknesiamu, ndiyo hiyo yenye mionzi, kiasi kidogo. Haichomi wala hailewishi. Kisha hutoka nje kusubiri muda wa saa 2 hadi 4 ili dawa ikae kwenye mifupa. Muda huo anywe maji, glasi tano au sita, na akojoe kila akisikia haja. Kabla tu ya kupanda kitandani akojoe tena, kwani kibofu kilichojaa huziba picha ya nyonga, pahala penyewe mnapotaka kupaona. Atalala chali kati ya dakika 30 na 60 huku mashine ikipita juu yake taratibu. Si lile tundu jembamba lenye makelele la MRI. Mashine yenyewe haitoi mionzi. Inapokea ile inayotoka mwilini mwake. Kama mgongo unamuuma akilala chali, ameze dawa ya maumivu kama dakika 45 kabla ya kupanda, maana akitikisika picha hurudiwa.

Vitu vidogo huharibu skani hii. Tone la mkojo likidondokea nguo huonekana kwenye picha kama doa la mfupa, kwa hiyo akojoe kwa kukaa, ajistanji vizuri, na mchukue msuli wa ziada wa kubadili. Sarafu, funguo, mkanda na hirizi yenye kasha la bati vitolewe. Kama aliwahi kuvunjika, au kuanguka kwenye mkarafuu miaka 20 iliyopita, aseme, kwani mfupa uliowahi kuvunjika na goti lenye baridi yabisi navyo huwaka.

Wajukuu wako salama. Nusu ya nguvu ya teknesiamu hupotea kila baada ya saa 6, kwa hiyo baada ya saa 24 hubaki sehemu moja ya kumi na sita, na hapo hujahesabu iliyotoka na mkojo. Siku ya skani yenyewe asipakate mtoto mdogo wala asikae muda mrefu akiwa amegusana na mwenye mimba, avute maji ya choo mara mbili na anawe mikono. Akirudi Wete siku ya pili yake anapakata mjukuu na analala na wewe. Msindikizaji tu asiwe binti mwenye mimba.

Na safirini angalau siku moja kabla. Dawa hii huandaliwa kwa ajili ya siku hiyo, haiwekwi ikasubiri boti iliyoahirishwa. Msimu wa kusi, hasa kuanzia Juni hivi hadi Septemba, bahari huchafuka. Mkiwa mnatoka Pemba kupitia Unguja wekeni siku mbili. Mchukue barua ya rufaa, majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye tezi kupimwa, orodha ya PSA zote (kipimo cha damu cha tezi dume) kwa tarehe, na picha au diski za vipimo vya nyuma. Bila picha ya zamani, mpya haina cha kulinganishwa nacho.

Hapa ndipo penye jibu la swali lake. Skani hupigwa ili kujua kama tiba inafanya kazi, na husomwa pamoja na PSA, wala haisomwi peke yake. Tena mna jambo la kujua kabla ya kuyaona majibu: mfupa unaopona hujijenga upya, na teknesiamu hukimbilia palepale penye ujenzi. Katika miezi ya mwanzo ya tiba skani inaweza kuonyesha madoa yaliyokolea zaidi kuliko mwanzo, pengine hata mapya, ilhali maumivu yamepungua na PSA inashuka. Daktari mzoefu hungoja na kurudia kabla ya kusema ugonjwa umeenea. Kijana wa nyumbani mwenye simu hangoji. Kwa hiyo ripoti isifunguliwe kwenye boti.

Kabla hamjatoka chumba cha skani ulizeni mambo matatu: majibu yatatoka siku gani, yatakwenda kwa daktari yupi, na mtayafuata au yatatumwa. Nyumbani mchague mtu mmoja wa kujibu simu za jamaa. Hakuna kinachomchosha mgonjwa kama kueleza majibu yasiyojulikana mara 15 kwa siku kwa wanaokuja kumtazama.

PSA nayo ipimwe maabara ile ile kila mara, kwani vifaa tofauti hutoa namba tofauti. Siku mbili kabla asipande baiskeli na asimwage manii, na kama ana uambukizo wa mkojo utibiwe kwanza. Namba ikipanda mara moja, hurudiwa baada ya wiki chache kabla ya kubadilisha tiba. Wakati huo huo apimwe na testosteroni. Lengo ni kuwa chini ya nanogramu 50 kwa desilita. Ikiwa PSA inapanda na testosteroni haijashuka, tatizo ni sindano.

Na sindano hukosewa zaidi kwenye kalenda. Wiki 12 ni siku 84. Miezi mitatu ya kalenda ni siku kama 91, kwa hiyo anayerudi "tarehe ile ile baada ya miezi mitatu" amechelewa wiki nzima, na homoni inaweza kuanza kuamka. Hesabu kwa siku ya wiki: ikiwa alichomwa Jumatatu, inayofuata ni Jumatatu ya 12. Andika tarehe zote za mwaka ukutani. Dozi hiyo ni miligramu 10.8, kijiti kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya tumbo, chini ya kitovu, kwa sindano nene. Inatakiwa ihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Ikinunuliwa Unguja au Dar isafirishwe kwenye chombo cha baridi, isikae juani bandarini, na pakiti isifunguliwe hadi wakati wa kuchoma. Kama anatumia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda, muuguzi aambiwe kabla.

Kama safari za kufuata sindano zinawashinda, muulize daktari kuhusu kutolewa korodani. Ni upasuaji mdogo, wa mara moja, unashusha homoni ndani ya siku chache, na unafikia lengo lile lile. Haurudishwi nyuma, kwa hiyo uamuzi ni wa mzee mwenyewe, bila kuharakishwa na watoto. Ulizeni pia kama anafaa kuongezewa dawa ya pili, kama abirateroni pamoja na prednisoloni. Kwa saratani iliyofika mifupani, sindano peke yake siku hizi haihesabiwi kuwa tiba kamili pale ambapo dawa ya pili inapatikana.

Uchovu hautibiwi kwa kulala kutwa. Kwanza apimwe wingi wa damu, kwani homoni ikishuka damu nayo hupungua. Kisha atembee dakika 30, siku tano kwa wiki, jua likiwa limepoa. Mara mbili au tatu kwa wiki akae kitini na kusimama bila kujishika, mara 10, apumzike, arudie mizunguko mitatu. Kabla ya kuanza, daktari aseme ni mifupa ipi imeguswa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Hiyo asibebe, wala gunia la karafuu, na kupanda mkarafuu kumekwisha. Mifupa itazidi kupungua uzito kadiri sindano inavyoendelea, kwa hiyo apate kalisiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku kutoka kwenye chakula: dagaa waliopikwa na mifupa yao, maziwa, mtindi, mchicha kidogo, na vitamini D kama daktari ataiandika. Sukari, presha na mafuta ya damu vipimwe kila miezi mitatu hadi sita. Tumbo litataka kuongezeka. Punguza wali wa usiku kabla hujapunguza samaki.

Ramadhani mgonjwa ana ruhusa, na sheikh wenu ndiye wa kuulizwa kuhusu fidia na sindano. Kwa upande wa tiba, siku ya skani asifunge, kwa sababu ya yale maji.

Sasa jambo ambalo halisubiri boti ya kesho. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala au akikohoa, miguu kulegea au kujikwaa, ganzi kati ya mapaja, mkojo kuziba au haja kubwa kumtoka bila kujua: hizo ni dalili za uti wa mgongo kubanwa. Alazwe chali juu ya ubao au godoro gumu, apelekwe hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, na waambieni kwa maneno haya: "Ana saratani ya tezi dume kwenye uti wa mgongo, miguu imeanza kulegea." Daktari anaweza kuanza deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, hapo hapo kabla ya kumsafirisha. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Miguu ikishakufa kwa siku mbili tatu, mara nyingi hairudi.

Wana wenu na ndugu zake wa kiume nao wana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata ugonjwa huu kuliko mtu asiye na baba wala ndugu mwenye nao. Wakifika miaka 45 wamwone daktari kuhusu kupima PSA, na wasisubiri mkojo uanze kukatika.